Gari lipimwe breki, lisipimwe umri

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya msomaji wa Arusha aliyeomba kila gari lililovuka miaka 25 lipigwe marufuku barabarani. Alieleza kwamba alimzika mdogo wake baada ya lori kukosa breki, na kwa msiba huo nampa pole kwa moyo wote. Barua yake nimeisoma mara tatu. Nami nimewahi kukosa breki. Najua pedali inavyozama mpaka sakafuni na mguu usikute kitu. Na gari lililonifanyia hivyo ndilo hilohilo ninaloendesha mpaka leo: pikapu ya Ford F-100 ya mwaka 1966.

Mimi ni mama wa miaka 51, mfanyabiashara wa ndizi. Nakusanya mshare, zile ndizi za kupika, na ndizi za kuiva Marangu na Mwika, nashusha soko la Mbuyuni hapa Moshi, na mara mbili kwa wiki naenda mpaka soko la Kilombero, Arusha. Gari hili si la maonyesho wala la kupigia picha za harusi, ingawa watu wameshaniomba. Ndilo linalosomesha wanangu.

Lilikuja kwa baba. Alikuwa dereva wa mmisionari mmoja Mmarekani aliyelileta kwa meli, usukani ukiwa kushoto kama kwao. Mmisionari alipomaliza muda wake, miaka ya sabini, alimwachia baba kwa bei ya kuagana. Baba akabebea kahawa, simenti, maharusi na majeneza ya nusu ya kijiji chetu. Alipofariki mwaka 2006 lilibaki chini ya mparachichi, kutu ikala sakafu, kuku wakataga kwenye kiti. Kaka zangu walitaka kuliuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mwaka 2015 niliwaomba waniachie mimi. Trekta ya jirani ililivuta mpaka Himo, na kutoka Himo likapakiwa kwenye lori.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Majengo ambaye alijifunza kazi kwenye karakana za mashamba makubwa, zamani. Siku ya kwanza hakuuliza habari ya hela. Alifungua plagi zote sita, akamimina oili iliyochanganywa na dizeli kwenye kila silinda, akafunika na vitambaa, akaniambia nirudi baada ya wiki. Niliporudi alishika krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, kwa spana ndefu. Ikakataa. Akasubiri, akajaribu tena, ikakataa. Mara ya nne ikasogea kama upana wa kidole. "Umeona, mama?" akasema. "Sasa tunaweza kuongea bei."

Injini yenyewe ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.9. Ford walianza kuifunga kwenye pikapu zao mwaka 1965 na hawakuiacha mpaka 1996, na ukiifungua unaona sababu. Krenki inakaa juu ya beringi kubwa saba. Kemshafti, ile inayofungua valvu, haizungushwi na mkanda wala mnyororo. Ni gia inashika gia, basi. Hakuna mkanda wa kukatika ukiwa katikati ya Kikatiti usiku. Watu wengi walinishauri niitoe niweke injini ya dizeli ya Land Cruiser, na kweli dizeli ingekunywa kidogo zaidi. Nilikataa kwa sababu namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari ndiyo hii aliyoikuta baba, na kwa sababu fundi aliniambia haioni ubovu wa kuitoa. Gharama ya mafuta nakiri: nikiwa na mzigo napata kama kilomita sita kwa lita. Mwenzangu mwenye Kirikuu, ile pikapu ndogo, ananipita mbali. Ila mzigo wangu wa safari moja yeye anaupeleka kwa safari mbili.

Kilichotaka kazi ya mashine ni silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu. Injini za enzi hizo zilitengenezwa kwa petroli yenye madini ya risasi, na ile risasi ndiyo iliyokuwa inakinga viti vya valvu za ekzosi, pale zinapokaa zikifunga njia ya moshi, visiliwe. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo mwishoni mwa mwaka 2005, jambo jema kabisa kwa vichwa vya watoto wetu, lakini chuma laini cha zamani kinabaki bila kinga. Basi hedi ilipelekwa kuchongwa, vikawekwa viti vya chuma kigumu. Mwenye gari la petroli la miaka ile anayesoma hapa, kama gari lake linazidi kukosa nguvu kila mwezi na uwazi wa valvu unajifunga wenyewe kila ukirekebishwa, aangalie hapo kabla ya kulaumu kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa.

Kabureta nayo ina habari yake. Moshi tuko chini kidogo ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, Arusha wako kama mita 1,400, na Marangu ninakopakia ni juu zaidi ya Moshi. Hewa ya Arusha ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kuliko ya Tanga. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani inamwaga mafuta mengi huku kwetu, plagi zinakuwa nyeusi tititi, gari linatoa moshi na sailensa, yaani mngurumo wa gari likiwa limesimama, haitulii. Fundi alibadilisha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, akaweka yenye tundu dogo zaidi, akawa ananiambia niendeshe mpaka Mwika na kurudi, kisha anatoa plagi moja na kuitazama juani. Tulikwenda na kurudi hivyo siku tatu mpaka ncha ya plagi ikawa na rangi ya chai ya maziwa.

Ninasimulia haya ili msomaji yule aelewe kwamba gari la zamani halirudi barabarani kwa bahati. Na niseme jambo moja linaloharibu magari ya zamani kuliko umri: spana. Nati za gari la Kimarekani la miaka ile ni za inchi. Mafundi wetu wamekulia kwenye magari ya Kijapani, mkononi wana kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia, inalegea kidogo, na fundi akivuta kwa nguvu anazila kona za nati. Ile ya inchi 9 kwa 16 ni milimita 14.3: spana ya 14 inagoma kuingia, ya 15 inateleza. Robo tatu ya inchi ndiyo yenye amani, maana 19 inaikamata sawasawa. Nilipolipata gari, nati za breki za nyuma zilikuwa zimeshakuwa duara kama shanga. Mtu aliyezifungua mwisho, miaka ya baba, alizifunga kwa patasi na nyundo. Seti ya spana za inchi niliipata Gerezani, Dar es Salaam, na ninatembea nayo nyuma ya kiti. Fundi yeyote akitaka kunigusia gari njiani, namkabidhi kwanza hizo.

Sasa nije kwenye breki.

Nilianza na rangi. Hilo nalisema wazi, maana ndipo wengi tunapokosea. Desemba 2016 gari lilikuwa na bodi iliyonyooshwa, sakafu mpya iliyochomelewa, rangi ya kijani ileile ya baba, kiti kimeshonwa upya. Watu wa mtaani walisimama kulitazama. Breki tulikuwa tumebadilisha shuu, tumetoa upepo, pedali ikawa ngumu, tukaridhika. Ukaguzi mmoja niliopita mwaka uliofuata ulichukua dakika kama tano: mkaguzi alitazama mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za tahadhari, matairi, akasifia rangi, akanipa stika. Hakukanyaga pedali. Hakuingia hata ndani ya gari.

Juni 2017, asubuhi ya ukungu, nilikuwa nashuka kutoka Marangu kwenda Himo na mikungu 30 nyuma. Binti wa dada yangu alikuwa kando yangu, anashikilia chupa ya chai. Kwenye mteremko nilikanyaga breki, ikashika. Nikakanyaga tena, ikashika chini kidogo. Mara ya tatu mguu ulikwenda mpaka mwisho, ukakaa pale. Hakuna kitu. Nilipampu, hakuna kitu. Mbele yangu kulikuwa na bodaboda imebeba mama na mtoto.

Gia zake ni nne na ile ya kwanza ni fupi sana, ya kuvutia mzigo mzito. Niliingiza ya tatu, injini ikapiga kelele, nikalazimisha ya pili, nikavuta breki ya kuegeshea, nikabonyeza honi bila kuachia. Bodaboda akatoka pembeni. Nikauchagua ukingo wa udongo wa upande wa kushoto, nikaliegemeza gari pale, likajikwangua mita nyingi mpaka likasimama kwenye migomba ya watu. Taa moja ilivunjika na wingi, lile bati la juu ya tairi, ukakunjamana. Chai ilimwagikia binti miguuni, bahati ilikuwa imeshapoa. Hatukuongea. Nilishuka nikakaa chini kwenye majani, nikatazama mafuta ya breki yanavyotiririka kwa ndani ya tairi la nyuma kushoto, membamba, yanang'aa.

Mpira mmoja ulikuwa umepasuka. Mpira wa silinda ndogo ya breki, wa ukubwa wa sarafu. Gurudumu moja lilivuja, na magurudumu manne yakakosa breki, kwa sababu masta silinda, ile pampu kuu ya mafuta ya breki, ya gari la mwaka 1966 ina chumba kimoja tu na bomba lake ni moja kwenda kote. Hivyo ndivyo lilivyotoka kiwandani. Ford wenyewe walibadilisha kwenye F-100 za mwaka uliofuata, 1967: masta silinda ikawa na vyumba viwili, kimoja cha magurudumu ya mbele na kingine cha nyuma. Ukipoteza kimoja, kingine kinabaki. Mwaka mmoja tu wa tofauti.

Binamu yangu anayeishi Texas alikuja Krismasi na masta silinda ya vyumba viwili kwenye sanduku la nguo. Fundi aliitoa ya zamani, akavuta mabomba mapya kutoka mwanzo mpaka mwisho, njia mbili zisizokutana, akaweka mipira mipya kwenye magurudumu yote manne na kuchonga dramu. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona likifanywa kwenye ukaguzi wowote. Tulikwenda kwenye uwanja mtupu, akafungua kwa makusudi skrubu ya kutolea upepo ya gurudumu la nyuma ili mafuta ya breki yavuje, akaniambia niendeshe taratibu na nikanyage. Pedali ilishuka nusu nzima, moyo ukashuka nayo, halafu magurudumu ya mbele yakashika na gari likasimama. Nililia pale pale ndani ya gari, na sikujali nani ananiona.

Baada ya hapo nilianza kulitazama gari kwa jicho jingine. Kila kitu ambacho kikishindwa kinaweza kuua mtu, nikabadilisha. Mikanda ya kiti tuliifunga ya kupita begani, nguzo ikaongezewa bamba la chuma kwa ndani ili boliti zisichomoke. Taa za mbele za Kimarekani, ukizishusha, mwanga wake unaegemea kulia, maana kwao wanapita kulia. Hapa kwetu unamchoma machoni anayekuja. Kwa miaka yote ile baba alikuwa anawapofusha watu bila kujua. Bahati taa hizo ni za duara za inchi saba, sawa na za Land Rover, hivyo tuliweka za Land Rover za nchi zinazopita kushoto na zikakaa bila kukata kitu. Za nyuma, globu ileile nyekundu ilikuwa inafanya kazi ya breki na ya indiketa pia. Mtu wa nyuma hajui kama unasimama au unakata kona. Tumezitenganisha, indiketa sasa ni za rangi ya machungwa. Alteneta, ile ya kuchaji betri, ilipokufa tuliweka ya Toyota kwa bamba la kuchonga, kwa kuwa spea zake zipo kila duka.

Usukani nimeuacha kushoto. Kuuhamisha kungetaka kuchonga mfumo mzima wa stelingi, na siamini kazi hiyo ifanywe kwa kubahatisha. Nyuma nimeandika kwa herufi kubwa kwamba usukani uko kushoto, na kati ya Boma Ng'ombe na Usa River sipiti lori bila msaidizi wangu aliyekaa kulia kuniambia njia ni nyeupe. Kama hayupo, nakaa nyuma ya lori mpaka mwisho wa safari. Ndizi haziozi kwa nusu saa.

Pointi za distributa, zile zinazokata umeme ili plagi zitoe cheche, pia nimeziacha. Wengine wanaweka mfumo wa elektroniki na si vibaya, lakini pointi zikichoka fundi yeyote pale Himo anazisugua kwa msasa na ninaendelea. Pointi zikifa nalala njiani. Hazimuui mtu.

Niongeze hili moja, ingawa liko nje kidogo ya hoja yangu. Gereji moja Arusha ilinitolea thermostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kuitupa. Kijana aliniambia, "Mama, hii ni ya nchi za baridi, huku inachemsha gari bure." Kwa miezi miwili gari lilikunywa mafuta kuliko kawaida, na chini ya kifuniko cha oili nikawa nakuta utando wa rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Hiyo ni dalili ya maji kwenye oili ya injini isiyopata joto lake. Asubuhi za Julai Marangu ni za baridi kweli. Nilinunua nyingine, nikaining'iniza kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, moto mdogo: maji yalipokaribia kuchemka ikafunguka yenyewe polepole kama jicho, nikaepua, ikajifunga. Niliifunga siku hiyohiyo. Vijana wetu wafundishwe kukipima kitu kabla ya kukitupa. Gari likichemsha, chanzo kitafutwe kwenye rejeta, feni au pampu ya maji.

Sasa msomaji wa Arusha anasema gari likifika miaka 25 liondoke. Mwaka jana, pale kwa fundi wangu, lililetwa basi dogo la abiria la mwaka 2008. Changa kabisa kwa hesabu yake. Lilikuwa linavuta upande likikanyagwa breki. Fundi aliponyanyua gurudumu aliniita nione: bomba la breki la tairi moja la nyuma lilikuwa limekunjwa kwa koleo na kupigwa nyundo mpaka likaziba, kwa sababu silinda yake ilikuwa inavuja na mwenye gari hakutaka kununua mpira. Abiria wa kila siku, wanafunzi wa shule, wanapanda gari la breki tatu, na kwenye kioo lina stika kama yangu. Sheria ya msomaji huyo ingeliacha basi hilo barabarani kwa miaka mingi ijayo, na ingeondoa langu kesho asubuhi.

Ninachoomba wahusika, Ndugu Mhariri, ni ukaguzi wa kweli kwa gari la umri wowote. Mkaguzi aingie ndani, akanyage pedali na kuishikilia dakika nzima aone kama inazama. Alale chini na tochi aangalie kwa ndani ya kila gurudumu kama kuna unyevu. Aguse mabomba kwa mkono wake. Atikise usukani, awashe taa jioni mbele ya ukuta aone mwanga unaangukia wapi. Kazi hii haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji nusu saa na mtu asiyeogopa kuchafua shati. Na mmiliki akifanya badiliko la kuongeza usalama, kama hilo la masta silinda ya vyumba viwili, liandikwe kwenye kumbukumbu za gari na nani alilifanya, ili gari likiuzwa anayenunua ajue, na likiharibika fundi huyo aulizwe. Magari yatakayofeli yawekwe pembeni hata kama yametoka bandarini mwezi uliopita. Langu likifeli, liwekwe pembeni pia. Nitalivuta mwenyewe.

Na kwa ndugu yangu wa Arusha aliyefiwa: Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi, niko soko la Kilombero upande wa ndizi. Gari ni la kijani, hakuna jingine kama hilo pale. Naomba uje. Nitakuonyesha lile bomba la njia mbili, na funguo nitakupa ukanyage breki mwenyewe.

Mfanyabiashara wa ndizi,
Moshi.